Kupambanisha Waliopishana

Joe Louis aliachia ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1949, wakati Muhammad Ali, aliyeitwa bado Cassius Clay, akiwa mtoto wa miaka saba mjini Louisville. Wawili hao hawakusimama katika kona zinazotazamana hata siku moja, lakini ni vigumu kutaja pambano lililopigwa mara nyingi kuliko lao: limepigwa magazetini, redioni, kwa vinyozi, katika kambi za mazoezi na vijiweni, na mshindi hajapatikana. Kupambanisha mabondia waliopishana kwa miaka huonekana porojo ya kupitishia jioni. Mikononi mwa anayeijua ndondi ni ufundi kamili wenye kanuni zake, na fundi wake hapimwi kwa jina la mshindi anayemtaja. Hupimwa kwa maelezo ya namna pambano lilivyokwenda: ngumi gani iliingia, ilipitia wapi, na katika raundi ya ngapi.

Mwaka 1967 Murry Woroner, mtayarishaji wa vipindi vya redio huko Miami, alijaribu kuiondoa kazi hiyo kwa mashabiki na kuikabidhi mashine. Mabingwa 16 wa uzito wa juu walipimwa na waandishi na wataalamu kwa sifa moja moja, takwimu zikaingizwa katika kompyuta ya NCR 315, na matokeo yakatangazwa redioni raundi kwa raundi kana kwamba mtangazaji ameketi kando ya ulingo. Katika fainali Rocky Marciano alimwangusha Jack Dempsey raundi ya 13. Ali alikuwa ameshatolewa mapema na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne, na alikasirika kiasi cha kwenda mahakamani kudai dola milioni moja kwa kuchafuliwa jina. Suluhu yake ilikuwa ya ajabu kuliko kesi: Ali na Marciano walikubali kuigiza pambano lao mbele ya kamera. Marciano, aliyekuwa amestaafu tangu 1956, alipunguza mwili, akavaa nywele za bandia, na wakapigwa picha wakicheza raundi nyingi fupi zenye miisho ya aina mbalimbali. Tarehe 31 Agosti 1969 Marciano alikufa katika ajali ya ndege, kabla filamu haijatoka. Ilipoonyeshwa Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Kwa watazamaji wa Ulaya ilipelekwa filamu ambayo mshindi ni Ali.

Biashara ilijua wateja wake. Lakini kosa la mashine yenyewe lilikuwa la kina zaidi, nalo si takwimu mbovu. Mashine ilizijumlisha sifa za mtu kana kwamba anatembea nazo popote aendako. Kasi ya bondia haipo peke yake. Ipo mbele ya mtu fulani. Jabu linalomfikia mpinzani anayekuja wima halimfikii anayeingia amejikunja, na ngumi nzito ya mtu anayehitaji kwanza kukita miguu haina uzito wowote kwa mpinzani asiyesimama mahali pamoja. Swali la kweli si nani ana nini, bali kipi cha huyu kinakutana na kipi cha yule.

Walimu wa ndondi walilijua hilo kabla ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo kazi inayowalipa. Pambano lolote, hata lenye mkataba na tiketi zilizokwisha kuuzwa, ni la kuwaziwa mpaka kengele ya kwanza ilie. Eddie Futch anafaa kuwa mfano. Alipokuwa kijana Detroit, katika ukumbi wa Brewster, alibadilishana ngumi za mazoezi na Joe Louis ingawa mwili wake ulikuwa mdogo sana kwa Louis. Zaidi ya miaka 30 baadaye alikuwa miongoni mwa waliopanga mbinu za Joe Frazier dhidi ya Ali. Futch alikuwa ameona kwamba Ali, kila anapotaka kurusha mkono wa kulia kutoka chini kwenda kidevuni, husimama wima na kuuacha upande huo wa uso wazi. Dawa yake ni ngumi ya kushoto ya mzunguko. Tarehe 8 Machi 1971, katika Madison Square Garden, ngumi hiyo ndiyo iliyomlambisha Ali sakafu raundi ya 15. Mwaka 1973 Futch alimwandaa Ken Norton kwa agizo jingine: Ali akirusha jabu, nawe rusha jabu papo hapo, kwa maana mkono wake wa kulia hauko mahali pa kulizuia. Norton alishinda, na Ali akatoka ulingoni na taya lililovunjika. Aliyebuni maagizo hayo alikuwa akitazama pambano ambalo halijatokea, na aliliona vizuri. Tofauti kati yake na anayewapambanisha Louis na Ali ni kwamba yeye usiku ulifika wa kumhakikisha.

Kabla ya kupima lolote, maswali mawili yanayochanganywa kila siku yapaswa kutenganishwa. Moja huuliza nani mkubwa zaidi, jingine nani angeshinda. Henry Armstrong, mwaka 1938, alishikilia kwa wakati mmoja ubingwa wa dunia wa madaraja matatu, enzi ambayo madaraja yote yalikuwa manane na kila daraja, kwa kawaida, likiwa na bingwa mmoja. Leo madaraja ni 17 au zaidi, kila moja likiwa na mikanda minne au mitano inayogombewa na mashirika tofauti, na hakuna aliyefanya jambo la kulingana na lile. Hata hivyo Armstrong alipokutana na Sugar Ray Robinson mwezi Agosti 1943, alipoteza karibu kila raundi, na wengi waliotazama waliamini kuwa Robinson alimhurumia shujaa wake wa utotoni. Ukubwa wa Armstrong haukupungua hata chembe usiku ule. Haukumsaidia pia.

Linalofuata ni tarehe. Anayetaja jina bila mwaka hajasema kitu. Ali aliyempiga Cleveland Williams raundi tatu mjini Houston, tarehe 14 Novemba 1966, alikuwa mtu mwenye miguu isiyoshikika. Kinga yake ilikuwa umbali. Mwaka uliofuata alikataa kuandikishwa jeshini, akanyang'anywa ubingwa, na hakupanda ulingoni mpaka Oktoba 1970. Aliyerudi alikuwa mzito zaidi, mwenye hila zaidi, na aligundua kipaji ambacho miguu ilikuwa imekificha: angeweza kupigwa vibaya na kubaki amesimama. Hao ni mabondia wawili wenye jina moja, na wangepaswa kupambanishwa wao kwa wao kwanza. Robinson vivyo hivyo. Filamu nyingi zilizobaki zinamwonyesha katika uzito wa kati miaka ya 1950, naye tayari amevuka kilele. Robinson wa welta wa miaka ya 1940, ambaye waliomwona ndiye waliyemwita bora kupita wote bila kujali uzito, ameachwa zaidi katika maandishi kuliko katika picha.

Kisha zinakuja sheria, na hapa ndipo porojo nyingi huvunjikia. Tangu 1867, zilipochapishwa kanuni zilizobeba jina la Marquess wa Queensberry, ndondi zinazozifuata zimekuwa na glovu, raundi za dakika tatu na hesabu ya sekunde kumi. Mengine yote yamekuwa yakibadilika. Jack Johnson alipopoteza ubingwa kwa Jess Willard mjini Havana mwaka 1915, pambano lilipangwa kwa raundi 45 na likaisha raundi ya 26. Baadaye raundi 15 zikawa kipimo cha ubingwa kwa miongo mingi, hadi Mkorea Duk Koo Kim alipokufa kutokana na pambano lake na Ray Mancini la Novemba 1982. Baraza la WBC lilipunguza raundi hadi 12, na mashirika mengine yakafuata kabla muongo haujaisha.

Raundi tatu zinaonekana kitu kidogo. Lakini mwaka 1941 Billy Conn, mwenye uzito wa kilo 79 hivi dhidi ya 90 za Louis, alikuwa mbele kwa alama kwenye karatasi mbili kati ya tatu baada ya raundi 12. Akaangushwa mwishoni mwa raundi ya 13, alipotaka kumaliza kazi kwa KO badala ya kuendelea kukimbia na pointi zake. Mwaka 1952 Marciano alikuwa nyuma kwenye karatasi zote baada ya raundi 12 na Jersey Joe Walcott, naye akaupata ubingwa kwa mkono mmoja wa kulia katika raundi ya 13. Mwaka 1981 Thomas Hearns alikuwa akimwongoza Sugar Ray Leonard hadi miguu yake ilipolegea, mwamuzi akalisimamisha pambano raundi ya 14. Chini ya sheria za leo Conn angekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Hearns angemshinda Leonard, na rekodi ya Marciano ya mapambano 49 bila kupoteza, inayotajwa kama amri ya mbinguni, isingekuwapo. Mtu makini ataongeza upesi kwamba Louis, angejua zimebaki raundi chache, angeharakisha. Naye Conn pengine asingejitosa. Ndiyo maana sheria si pambo la kutajwa mwishoni. Zinaingia ndani ya kila uamuzi wa bondia tangu dakika ya kwanza, na anayempambanisha Marciano na Lennox Lewis bila kusema raundi ngapi amesimulia nusu ya pambano.

Sheria ya kona isiyo ya mtu ina hadithi yake. Dempsey alipomshambulia Willard mjini Toledo tarehe 4 Julai 1919, alimwangusha mara saba katika raundi ya kwanza, na kila mara alisimama karibu yake akingoja magoti yaondoke sakafuni ili apige tena. Sheria haikumkataza. Mwaka 1927 huko Chicago, dhidi ya Gene Tunney, ilikuwa imeshabadilika: anayeangusha aende kwanza kona ya mbali, ndipo hesabu ianze. Dempsey alichelewa kwenda, Tunney akapata sekunde za ziada, akanyanyuka na kushinda kwa pointi. Kumpandisha Dempsey mbele ya Mike Tyson leo ni kumnyang'anya silaha ambayo tabia yake yote ilijengwa juu yake. Kumshusha Tyson hadi Toledo ni kumpa silaha ambayo hakuihitaji na angeitumia kwa furaha kubwa.

Kuhusu miili, wapenzi wa zama hizi hujibu kwa haraka mno. Kweli, mabingwa wa uzito wa juu wamekua. Marciano alipigana akiwa na kilo 84 au 85, uzito ambao leo ungemweka daraja la chini, na Tyson Fury amewahi kupanda na kilo zaidi ya 120. Lakini Dempsey alikuwa mwepesi kuliko Willard kwa kilo zaidi ya 20. Mei 2024 mjini Riyadh, Oleksandr Usyk, aliyetoka daraja la chini, alimshinda Fury akiwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo zaidi ya 15, akarudia Desemba mwaka huohuo. Ukubwa unaua pale mdogo anapokosa miguu ya kuingia na kutoka. Anayeziamini kilo peke yake angemshauri Usyk asiende Riyadh.

Upande wa madaraja madogo suala ni jingine kabisa: saa ya mizani. Zamani bondia wa welta alipimwa siku ileile ya pambano. Sasa hupimwa siku moja kabla, akiwa amejikausha, kisha hula na kunywa na kupanda ulingoni akiwa na kilo kadhaa za ziada. Robinson wa 1946 na Floyd Mayweather waliitwa wote wa welta, lakini jina hilo halikubeba mwili uleule. Wala hawakuishi maisha yaleyale ya kazi. Februari 1943 Robinson alipigana na Jake LaMotta tarehe 5, akapoteza kwa mara ya kwanza. Tarehe 19 akampiga Jackie Wilson. Tarehe 26 akampiga LaMotta. Mayweather alipiga mapambano 50 katika miaka 21, akashinda yote, kila mpinzani akisomwa kwa miezi. Yupi ana faida? Robinson angeingia akiwa amekutana na kila aina ya mtihani. Mayweather angeingia akiwa mzima, na akiwa ameusoma mtihani huo mmoja tu kwa miezi mitatu. Kwa raundi 12 jambo hilo linaweza kubishaniwa usiku kucha. Kwa 15 hakuna ubishi mkubwa: Mayweather hakupata kupiga raundi ya 13 maishani mwake.

Ushahidi wa macho nao una mitego. Filamu za miaka ya mwanzo zilipigwa kwa mwendo wa picha chache kwa sekunde, na zikionyeshwa kwa mashine za baadaye watu hurukaruka kama vikaragosi. Vijana wengi wamemdharau Jack Johnson kwa sababu hiyo tu. Ikirudishwa kwenye mwendo wake halisi, filamu humwonyesha mtu mtulivu kupita kiasi, anayezidaka ngumi kwa glovu zilizofunguliwa kabla hazijamaliza safari, anayekumbatia na kupiga ndani kwa ndani kwa namna ambayo refa wa leo angeitenganisha kila sekunde tano. Nat Fleischer, mwanzilishi wa jarida la The Ring, alimweka Johnson juu ya wazito wote hadi mwisho wa maisha yake. Wapo wanaoona alikuwa akiutetea ujana wake mwenyewe. Huenda, lakini Fleischer alimwona Johnson kwa macho, na wanaomcheka wameona vikaragosi.

Mbaya zaidi ni hali ya Harry Greb. Ndiye pekee aliyewahi kumshinda Tunney, mwaka 1922, naye alipigana mapambano karibu 300, yale ya miaka yake ya mwisho akiwa na jicho moja lililopoteza nuru. Hakuna filamu ya pambano lake hata moja iliyobaki. Kuna vipande vya mazoezini tu. Fundi mwaminifu anapofika kwa Greb hupunguza sauti ya madai yake na kutegemea maelezo ya waliopigwa naye: ngumi zilitoka pande zote, hazikukoma, na mtu hakupata nafasi ya kuvuta pumzi.

Njia ya mkato inayopendwa vijiweni ni hesabu ya mnyororo: huyu kampiga yule, yule kampiga fulani, basi huyu anampiga fulani. Hesabu hiyo ilizikwa Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Frazier alikuwa amemshinda Ali, na George Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili mjini Kingston. Norton alikuwa amemvunja Ali taya, na Foreman alimmaliza Norton raundi mbili mjini Caracas. Kwa mnyororo huo Ali, mwenye miaka 32, alikuwa maiti inayosubiri kengele, na kweli wapo waliohofia uhai wake. Waliotazama kwa jicho la Futch wangeweza kuona jambo jingine: Frazier na Norton walishindwa upesi kwa sababu mmoja aliingia moja kwa moja ndani ya ngumi za Foreman na mwingine alirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Ali hakufanya lolote kati ya hayo. Alianza raundi ya kwanza kwa mikono ya kulia isiyotanguliwa na jabu, ngumi ambazo bingwa hakuzitegemea kwa kuwa ni matusi kuzirusha kwa mtu unayemheshimu. Kisha akaegemea kamba, akamwachia Foreman apige mikono, mabega na mbavu mpaka ngumi zikaisha uzito. Raundi ya 8 Foreman alikuwa chini. Katika kona yake usiku ule alikuwapo Archie Moore, mzee aliyewahi kupigana na Marciano na Ali wote wawili.

Moore ni wa kundi dogo lenye thamani kubwa kwa ufundi huu: waliovuka zama kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1955 alimwangusha Marciano raundi ya pili kabla ya kupigwa KO ya raundi ya 9. Mwaka 1962, akiwa ameshapita miaka 40, alipigwa na Ali raundi ya 4. Ushahidi wa namna hiyo ni mtamu na ni hatari. Larry Holmes alimshinda Ali mwaka 1980 na kupigwa na Tyson mwaka 1988, na wapo wanaochora mstari kutoka Ali hadi Tyson wakimpitia yeye. Ali alikuwa na miaka 38 usiku ule, Holmes naye 38 alipokutana na Tyson. Mstari huo unapima uzee na hausemi lolote kuhusu Ali na Tyson. Foreman ana hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa wakongwe. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, amevaa bukta ileile ya Kinshasa, na katika kona yake akiwamo Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali usiku wa Kinshasa, alimwangusha Michael Moorer, bingwa wa miaka 26, raundi ya 10. Moorer alikuwa akiongoza kwa pointi. Mtu wa miaka ya 1970, mzito na mpole wa mwendo, aliwakuta wanaodaiwa kuwa kizazi bora akachukua mkanda wao. Anayesema mabondia wa sasa wamewazidi wa zamani kwa kila kitu hana budi kuupita usiku huo kwanza.

Basi Louis na Ali. Tarehe zichaguliwe kwa haki: Louis wa Juni 1938, aliyemmaliza Max Schmeling kwa dakika mbili na sekunde nne, na Ali wa Novemba 1966. Wote wawili wana miaka 24. Raundi ni 15. Louis anakuja mbele kwa hatua fupi za kuburuta, hapotezi ngumi, na mikono yake haihitaji nafasi. Alikuwa na uwezo wa kumwangusha mtu kwa ngumi iliyosafiri umbali wa shibiri. Lakini daftari lake lina ukurasa mmoja wenye madoa: watu wanaotembea. Bob Pastor alimkimbia raundi 10 mwaka 1937, Conn alimtesa raundi 12, Walcott alimwangusha mara mbili Desemba 1947. Ali anatembea kama Conn na ana kilo 17 zaidi ya Conn. Tena Schmeling, mwaka 1936, alikuwa amegundua kwamba Louis akirusha jabu huushusha mkono wa kushoto anapourudisha, na kupitia tundu hilo alimpiga kwa mkono wa kulia mpaka KO ya raundi ya 12. Mwalimu wa Louis, Jack Blackburn, alifanya kazi kubwa kuliziba. Mkono wa kulia wa Ali ulikuwa mwepesi kuliko wa Schmeling, na ulirushwa na mtu anayeondoka wakati huohuo.

Upande wa pili, Ali aliangushwa na ngumi za kushoto za mzunguko: Sonny Banks mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963, Frazier baadaye. Louis alikuwa nayo, na ilikuwa fupi kuliko ya Cooper. Tatizo ni kuifikisha. Frazier aliifikisha kwa kuingia amejikunja chini ya jabu. Louis huja wima, ndani ya njia ya jabu lenyewe. Raundi tano za mwanzo ni za Ali. Louis anaanza kuzifunga pembe katikati ya pambano, na mara moja, pengine raundi ya 9, Ali anavuta kichwa nyuma kwa mstari ulionyooka kama alivyozoea, anakuta kamba ziko karibu kuliko alivyodhani, na anaketi sakafuni. Anainuka, siku zote aliinuka. Ali kwa pointi, na uso wake umevimba.

Tarehe ikibadilishwa, jibu linapinduka. Ali wa Kinshasa aliegemea kamba mbele ya mtu aliyerusha ngumi pana na kujichosha. Louis hakujichosha. Kulala kwenye kamba mbele ya Louis wa 1938 kungekuwa kumkabidhi kila alichohitaji, na hapo Louis angeshinda kabla ya raundi ya 10.

Afrika Mashariki ina pambano lake la namna hiyo, linalozungumzwa kidogo kuliko linavyostahili: Ayub Kalule na John Mugabi, wote wa Kampala, wote mabingwa wa dunia wa daraja lililo kati ya welta na uzito wa kati, lisilozidi kilo 70. Kalule alichukua ubingwa Japani Oktoba 1979 kwa kumshinda Masashi Kudo kwa pointi za raundi 15. Mugabi, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, alichukua wake mwaka 1989. Mmoja alijengea kazi yake Denmark, mwingine kwingine, na soko halikuwa na sababu ya kuwakutanisha. Uzito si hoja hapa, sheria zinakaribiana, na filamu zipo. Kilichobaki ni tabia tupu.

Kalule ni wa mkono wa kushoto, mwenye pumzi isiyokatika, anayetangulia kwa jabu la kulia na kumfuata mtu bila haraka. Mugabi, kabla ya kukutana na Marvin Hagler, alikuwa ameshinda mapambano yake yote bila kusubiri karatasi za majaji. Mkono wa kulia ulionyooka ndiyo ngumi inayowatafuta mabondia wa mkono wa kushoto, na ndio uliomwangusha Kalule mbele ya Leonard mjini Houston, Juni 1981. Mugabi alikuwa nao, mzito kuliko wa Leonard. Hakuwa na kasi ya Leonard, wala ujanja wa kumfanya mtu aangalie kwingine kwanza. Leonard, na kasi yake yote, alihitaji raundi 9.

Kwa Mugabi usiku wa kuchagua ni ule aliopoteza, Machi 1986 Las Vegas, alipompeleka Hagler raundi 11 na kubadilishana naye ngumi ambazo wengine walizikimbia. Usiku huohuo ulionyesha mpaka wake: kuanzia raundi ya saba hivi ngumi zilitoka moja moja, na mdomo ulikuwa wazi ukitafuta hewa. Kalule wa 1979 hajapata kushindwa, na hana mazoea ya kupumzika. Raundi nne za mwanzo ni za Mugabi, na katika mojawapo Kalule anayumba na kukumbatia. Raundi ya tano jabu la kulia linaanza kufika. Ya nane Mugabi anapiga kwa mkono mmoja kisha anategea. Pambano likiwa la raundi 15, Kalule anashinda kwa pointi nyingi. Likiwa la 12, anashinda kwa chache, na majaji wawili kati ya watatu wanakubaliana naye.